Uti wa mgongo: mishipa ya fahamu inaota upya au haioti? Someni kabla ya kuuza shamba

Fizio_Mwanjelwa

Kamwene wakuu.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, nipo Mbeya. Wagonjwa wa uti wa mgongo ninaowahudumia wameumia kwa njia ambazo wenyeji wa huku mnazijua: bodaboda, ajali za barabara kuu ya kwenda Tunduma, kudondoka kwenye mparachichi kule Rungwe, kuangukiwa na gogo Mufindi, kufukiwa na kifusi machimboni Chunya. Wengi ni vijana. Siku hizi karibu kila familia inakuja na swali moja: kuna mtu amewapigia simu, anasema ipo sindano ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) inayootesha mishipa ya fahamu upya, ukilipa mgonjwa anatembea. Tuuze shamba?

Msiuze. Lakini sitaki niishie hapo, kwa sababu sayansi inayotajwa na hao wauzaji ipo kweli, na mtu akikujibu "ni uongo mtupu" kisha ukasoma habari zake kwenye simu, utamwona aliyekukataza ndiye hajui. Naomba tuvumiliane, uzi ni mrefu.

Ndani ya pingili za mgongo unapita ugwe, kamba laini ya mishipa ya fahamu yenye urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima. Unaanzia kwenye ubongo na kuishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Pingili zikivunjika, mara nyingi ugwe haukatiki vipande viwili kama watu wanavyodhani. Unapondwa. Halafu saa na siku zinazofuata uharibifu unaendelea wenyewe: uvimbe, damu kutofika, seli kufa moja baada ya nyingine. Sehemu hii ya pili ndiyo ambayo hospitali ina uwezo wa kuipunguza, nitairudia chini.

Mshipa wa fahamu wa mkono au mguu ukikatika, unaweza kuota. Huota polepole, kama milimita 1 kwa siku, ndiyo maana aliyekatwa na panga kwenye kiwiko husubiri miezi mingi kabla vidole havijapata hisia. Unaota kwa sababu una wasaidizi, seli zinazoitwa za Schwann. Seli hizi husafisha mabaki, hutoa virutubisho, kisha hujipanga mstari, na uzi mpya wa neva, yaani wa mshipa wa fahamu, hupanda kwa kuzifuata kama maharage yanavyopanda kwenye mti uliosimikwa shambani.

Ndani ya ugwe kwa kawaida seli hizo hazipo. Badala yake, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva una kemikali zinazozizuia kukua. Maarufu kati ya hizo ni Nogo-A, ambayo maabara ya Martin Schwab kule Zurich ilianza kuifuatilia miaka ya 1980. Palipopondeka panajengeka kovu, mara nyingi na uwazi wenye majimaji katikati. Na seli ya neva ya mtu mzima yenyewe imekwisha kuzima sehemu kubwa ya uwezo wa kukua iliyokuwa nao kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo mwenye kutafuta tiba ana vizuizi vitatu au vinne kwa pamoja, na kuondoa kimoja hakutoshi.

Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliandika mwaka 1928 kwamba njia za neva ndani ya ubongo na ugwe wa mtu mzima zikifa hazizaliwi tena. Watu waliamini hivyo miongo mingi. Kisha mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo wakachukua kipande cha mshipa wa mguu wa panya wakakipandikiza kama daraja kwenye mfumo wa kati wa neva, yaani ubongo na ugwe, na nyuzi za ndani ya ugwe zikakua humo sentimita kama 3. Maana yake nyuzi zinaweza kukua, ila mazingira yanazikatalia. Ugunduzi huo ndio uliofungua mlango kwa wote waliofuata. Mwaka 2002 watafiti wa London walitumia kimeng'enya cha bakteria kuvunja kemikali za kovu na panya wakapata nafuu. Mwaka 2010 kikundi cha Zhigang He kiliizima jeni iitwayo PTEN kwenye panya, na nyuzi ambazo huwa ngumu kuliko zote kuota zikaota.

Sasa kwa binadamu. Kingamwili ya kuizuia Nogo-A ilijaribiwa Ulaya kwa watu walioumia shingo, matokeo yakachapishwa mwishoni mwa 2024. Kwa jumla ya wagonjwa haikuonyesha tofauti ya kutosha. Dalili za nafuu zilionekana kwa baadhi ya wale ambao ugwe wao haukuharibika wote, na kazi inaendelea. Japani, Chuo Kikuu cha Keio kiliwapandikiza watu 4 seli zilizotengenezwa kwa seli shina, na mwaka 2025 kikatangaza kwamba 2 walipata nafuu, mmoja akaweza kusimama mwenyewe. Watu 4 tu, na huwezi kutenganisha nafuu ya seli na nafuu ambayo mwili huleta wenyewe mwaka wa kwanza. Poland, Darek Fidyka alipandikizwa mwaka 2012 seli za eneo la kunusa pamoja na vipande vya mshipa wa mguuni, akapata tena uwezo kiasi wa miguu. Ni mtu mmoja.

Huo ndio mpaka wa dunia kwa sasa. Hakuna hospitali popote ambako kuotesha ugwe ni tiba ya kawaida ya kulipia na kupona. Anayekuuzia leo anakuuzia kitu ambacho waliokigundua wenyewe bado wanakitafuta.

Mkulima_Rungwe

Ubarikiwe mkuu. Hii ni darasa. Nakazia hilo la mparachichi, msimu wa kuchuma vijana wanapanda matawi ya juu wamevaa ndala, mvua imenyesha, mti unateleza. Ndoano ya mti mrefu ingetosha.

Dada_wa_Mufindi

Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu aliangukiwa na mti akikata mbao. Kiunoni kwenda chini hana hisia. Alitufikia mtu wa hizo sindano, tukalipa ya kwanza. Wiki chache baadaye miguu ikaanza kucheza yenyewe usiku, inaruka, inakakamaa. Mama akalia kwa furaha, yule mtu akasema mnaona, mishipa imeanza kuota, leteni hela ya pili. Naomba msaada wa mawazo, maana ng'ombe wawili ndio waliobaki.

Fizio_Mwanjelwa

Dada wa Mufindi, poleni sana na pole kwa mama. Ngoja nikueleze hili vizuri kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi.

Ugwe ukiumia, sehemu iliyo chini ya jeraha inaingia kwenye mshtuko, inanyamaza kabisa. Miguu inakuwa milegevu. Baada ya wiki kadhaa mshtuko unaisha na ile sehemu ya chini inaamka, lakini inaamka bila amri ya ubongo. Hapo ndipo miguu inapoanza kuruka, hasa ukiigusa, ukimgeuza, au kibofu kikijaa. Ingetokea hata angepewa maji matupu. Muuzaji anajua au hajui, lakini sindano yake imeangukia kwenye wiki ambazo jambo hili hujitokeza lenyewe.

Kinachoonyesha nafuu ya kweli ni kitu kingine: mdogo wako anaambiwa "sogeza kidole gumba", naye anakisogeza, na akiambiwa aache anaacha. Au hisia. Mwambie daktari ampime hasa eneo la njia ya haja kubwa, kama anahisi akiguswa na kama anaweza kubana. Watu wanaona aibu kipimo hicho, lakini ndicho kinachotofautisha jeraha lililoharibu vyote na lililobakiza nyuzi. Aliyebakiza hata kidogo ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kupata nafuu, na nafuu nyingi huja miezi 6 ya kwanza, ingawa haiishii hapo.

Ng'ombe wabaki. Hela ya pili isitoke.

Tibalishe_77

Mnawakatisha watu tamaa. Kuna virutubisho vinavyolisha mishipa ya fahamu, nimeona watu waliokuwa na ganzi miguuni wakapona. Mwenye shida aje inbox.

Fizio_Mwanjelwa

Tibalishe, ganzi ya miguu kwa mwenye kisukari au aliyepungukiwa vitamini B12 ni tatizo jingine na huenda ukasaidika kwa kutibu chanzo. Ugwe uliopondwa na pingili hauna upungufu wa vitamini. Kama una mgonjwa aliyepimwa kabla na baada, weka hapa hadharani vipimo bila jina lake, wote tusome. Inbox hapana.

Mama_Ipyana

Na sisi ambao hatukuanguka? Kaka yangu mgongo ulianza kuuma taratibu, jasho usiku, akakonda, halafu miguu ikaisha nguvu. Nyumbani wanasema amerogwa.

Fizio_Mwanjelwa

Mama Ipyana, mpeleke hospitali kesho asubuhi, usisubiri Jumatatu. Hayo uliyoyataja yanafanana sana na kifua kikuu cha mgongo. TB inakula pingili, usaha unaukandamiza ugwe. Mtu anaweza asikohoe kabisa. Dawa za TB zinatolewa bure, zinachukua miezi, wengine huhitaji na upasuaji, na tofauti na ajali, wengi wa hawa miguu hurudi kama hawakuchelewa. Kigongo kikianza kuonekana katikati ya mgongo ujue mfupa umeshabonyea. Nakuomba uje utuambie alichoambiwa.

Dereva_Tunduma

Swali la sisi wa barabarani. Tukikuta ajali kule Mbalizi au Kitonga tunambeba mtu mikono na miguu tunamtupa nyuma ya pikapu tuwahi. Tunakosea?

Fizio_Mwanjelwa

Kaka, hapa ndipo mishipa mingi ya fahamu inapookolewa au kupotea, kabla hata ya daktari. Kama gari haliwaki moto na hakuna hatari nyingine, mwacheni alale. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa sawa na mwili, asikiachie mpaka hospitali. Wengine wanne wamgeuze kwa hesabu ya pamoja, mabega na nyonga vikizunguka kwa wakati mmoja, muingize ubao au mlango chini yake. Pembeni ya shingo wekeni nguo zilizokunjwa. Msimkalishe, msimpe maji, msimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili.

Kuhusu kuwahi: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 na kundi la Michael Fehlings ulionyesha kwamba walioumia shingo wakafanyiwa upasuaji wa kuondoa mgandamizo ndani ya saa 24 walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya nafuu kubwa kuliko waliochelewa. Kwa sisi wa huku ni mtihani. Kutoka Mbeya mpaka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Ndiyo maana nasema pesa za kuuza shamba, kama lazima litolewe, zina thamani siku ile ya kwanza kwenye rufaa na gari la wagonjwa kuliko mwaka wa pili kwenye sindano. Na msimpitishe kwa mtaalamu wa kuchua kwanza. Kuvuta shingo yenye pingili iliyovunjika kunaweza kumaliza nyuzi zilizokuwa zimebaki.

Kitimwendo_Iringa

Nimesoma kimya sasa niseme. Mimi ni mwenye kitimwendo, niliumia pingili za kifua. Mkuu unaandika vizuri lakini kuna jambo linaniuma. Kila mara tunaambiwa tusubiri sayansi ya Ulaya. Sisi tukisubiri tunakufa kwa vidonda na figo. Waliolala nami wodini hawakufa kwa sababu mishipa haikuota. Walikufa kwa kidonda cha makalioni.

Na jambo la pili, watu wenye miguu mizima wanadhani kilio chetu ni kutembea. Mimi kutembea ningekuweka chini kwenye orodha. Kibofu kwanza, niende harusini bila kuogopa kulowa. Na ndoa yangu.

Fizio_Mwanjelwa

Kaka, nashukuru umeandika. Na hujasema peke yako. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson aliwauliza watu 681 wenye jeraha la ugwe wangependa nini kirudi kwanza. Waliopooza mikono na miguu walisema mikono. Waliopooza miguu walisema uwezo wa tendo la ndoa. Kibofu na choo vilikuwa juu kwa makundi yote. Ndiyo maana jambo linalonipa moyo zaidi sasa hivi si la kuotesha kabisa. Ni umeme.

Imebainika kwamba watu wengi walioandikiwa jeraha kamili bado wana nyuzi chache zilizovuka, zimekaa kimya. Ukiupa ugwe umeme mdogo huku mtu akifanya mazoezi, nyuzi hizo zinasikika. Mwaka 2023 timu ya Lausanne ilimwezesha Gert-Jan Oskam wa Uholanzi kutembea kwa kuunganisha vifaa vya kwenye ubongo na vya kwenye ugwe. Hiyo ni gharama ya kutisha. Lakini mwaka 2024 kikatoka kifaa kisichopasua ngozi, unabandika vibandiko shingoni, na kati ya watu 60 waliopooza mikono, asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na matumizi ya mkono, baadhi yao wakiwa wameumia miaka mingi nyuma. Marekani wakakiruhusu Desemba mwaka huohuo. Hakijafika kwetu. Ila angalieni walifaidika wakina nani: watu ambao viungo vyao vilikuwa havijaganda na ngozi yao ilikuwa nzima. Mtu mwenye goti lililojikunja likakauka, hata ugwe wake ukiamka, goti halitanyooka.

Kwa hiyo uliyoyasema kuhusu vidonda na figo ndiyo matayarisho yenyewe.

Nesi_Makete

Naomba niongezee ya kwetu kwenye baridi, kwa sababu yananihuzunisha kila Juni na Julai. Mgonjwa hahisi miguu, familia inampenda, inamsogezea jiko la mkaa apate joto. Anapiga soga na wageni, hajui kama nyayo zinaungua. Anayegundua ni mtu aliyesikia harufu. Chupa ya maji ya moto kitandani ni hivyohivyo, na ile kumkanda kwa taulo lenye maji yanayochemka. Blanketi na soksi zisizobana, basi. Jiko liwe mbali, na apime joto kwa mkono wake kwanza kabla ya kusogeza mguu.

Ngozi ikaguliwe asubuhi na usiku, makalio, nyonga, visigino, vifundo. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani. Tafuteni sehemu iliyo nyeusi zaidi, ya moto zaidi au ngumu kuliko jirani yake, kwa kugusa na mgongo wa mkono. Ukiikuta, asilalie upande huo mpaka iishe. Kitandani ageuzwe kila saa 2. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee. Akiwa kwenye kiti, kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajiinue au ainamie mezani makalio yapumue. Na msimkalishe juu ya mpira wa tairi au mto wenye tundu katikati, unakata damu pembeni ya tundu, kidonda kinatokea palepale mlipokuwa mnapalinda.

Jingine ambalo wengi hawalijui: aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, ghafla akiumwa kichwa cha kupasua, jasho usoni, uso umemwiva, presha yake inapanda hatari. Mkalisheni wima, fungueni mkanda na nguo zinazobana, mwangalie mpira wa mkojo, mara nyingi umejikunja au umeziba. Isipopungua, hospitali mbio.

Kitimwendo_Iringa

Nesi, hilo la mwisho lilinipata na hakuna aliyeniambia lina jina. Asante.

Dada_wa_Mufindi

Nimemsomea mama uzi wote kwa sauti. Mdogo wangu naye alisikiliza. Ameuliza vitu viwili. Mpira wa mkojo amewekewa wa kudumu, je aukae nao? Na akitokea daktari wa hizo seli shina anayesema ni utafiti, si biashara, atamjuaje?

Fizio_Mwanjelwa

Mwambie anauliza maswali mazuri.

Mpira: kama mikono yake ni mizima, aombe hospitali wamfundishe kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo kila baada ya saa 4 mpaka 6, mikono ikiwa imenawa. Njia hii huleta maambukizi kidogo kuliko mpira unaolala ndani muda wote, na inalinda figo. Asipunguze maji kwa kuogopa kulowa. Mkojo ukinuka, ukawa na ukungu, homa ikapanda au miguu ikaanza kuruka kuliko kawaida, apimwe.

Seli shina: utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa kuwekewa kitu kinachojaribiwa. Una kibali cha kamati ya maadili, na kwa Tanzania kibali hicho kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kama ni dawa basi na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Unapewa karatasi ya ridhaa inayoeleza madhara, unaruhusiwa kwenda nayo nyumbani kuisoma, unaruhusiwa kujitoa. Na wanakueleza watakufuatilia miaka mingapi. Hilo la kufuatilia si urasimu. Yupo mwanamke wa Marekani aliyepandikizwa Ureno seli za puani, miaka 8 baadaye akapata maumivu ya mgongo, wakampasua wakakuta uvimbe wa tishu za pua unaotoa ute ndani ya mgongo wake. Habari yake ilichapishwa mwaka 2014. Aliyekudunga akishahama nyumba ya wageni, nani atakupasua miaka 8 baadaye?

Muulize yule mtu wenu hayo manne: gharama, kibali, karatasi, ufuatiliaji. Kisha tuandikie alichojibu.

Na kitimwendo: kisiwe cha kubahatisha cha msaada chenye upana wa mtu mwingine. Moshi kuna chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vitimwendo, na waliosoma pale wanafanya kazi hospitali mbalimbali. Akipimwa nyonga na mapaja akatengenezewa kinachomfaa, nusu ya kazi ya Nesi Makete itakuwa imefanyika.

Mama_Ipyana

Tumetoka hospitali. Wamempiga picha, wamechukua na makohozi. Wamesema ni TB ya mgongo, anaanza dawa leo. Daktari ameuliza nani alitwambia tuje.

Fizio_Mwanjelwa

Mungu ni mwema. Asikatishe dawa hata akianza kujisikia vizuri, na wote mnaolala naye chumba kimoja mkapimwe, watoto kwanza.